MAMBO YA NYUMBANI: Usukani wa Baisikeli na Maumivu ya Shingo

Mwezi huu twataka kunena habari ya usukani wa baisikeli, maana wako watu wengi waumwao shingo na mabega, nao hudhani ni uzee au baridi ya usiku, kumbe sababu yake wameishika mikononi kila siku.

Hapa Mwandiga kila mtu aijua kazi ya baisikeli. Ijapokuwa pikipiki zimekuwa nyingi, ndizi na mananasi bado hushuka nayo kutoka Kalinzi kwa barabara ya Manyovu, mawese na dagaa hupanda nayo kutoka pwani ya ziwa, na mwalimu huiendea shuleni. Baisikeli ikilala, mfuko wa nyumba nao hulala. Kwa hiyo mwenye maumivu huendelea tu, akinunua vidonge juma baada ya juma, hata siku moja hawezi kugeuza kichwa atazame kama gari laja nyuma yake. Hapo si maumivu tu, ni hatari ya mauti.

Basi tuangalie sababu. Kichwa cha mtu mzima uzito wake wapata kilo 4 hata 5. Aketipo wima, mifupa ya shingo huuchukua mzigo huo bila taabu. Lakini usukani ukiwa chini mno au mbali mno, kifua huinama mbele. Na kwa kuwa lazima aione njia, huinua uso, shingo ikakunjwa nyuma, na misuli yake ikakaza muda wote wa safari. Tena uzito wa kiwiliwili huilemea mikono, na mabega hupanda kuelekea masikioni. Kwa mwendo wa dakika 10 si neno. Kwa mwendo wa saa 2 kila siku, mwili hauwezi kustahimili.

Sukani zilizo nyingi ni za namna tatu. Namna ya kwanza ni ule wa baisikeli za kizamani, kama Raleigh na Phoenix, uliopanda kidogo na ncha zake zikapinda nyuma kumwelekea mpandaji. Huo humketisha mtu wima, na viganja vyake hukaa bila kupindwa kwa nguvu. Namna ya pili ni ule ulionyoka kama fimbo, wa baisikeli za milimani. Wafaa kwa kuongoza penye mawe, lakini mara nyingi uko chini, nao ni mpana kupita mabega. Namna ya tatu ni ule uliopinda chini kama pembe za kondoo, wa watu wa mashindano. Huo umefanywa kwa kukata upepo, si kwa mwenye kuchukua madumu ya mawese. Vijana wengine huugeuza ule wa kwanza juu chini ili ufanane na huu wa tatu. Ni fahari ya macho, lakini shingo ndiyo ilipayo.

Asiye na fedha za kununua mwingine asikate tamaa. Aweza kuutengeneza ule alio nao. Kwanza aangalie kiti: kikiinamia mbele, mwili huteleza na mikono hulemewa, hata usukani uwe mzuri namna gani. Kikiisha kuwa sawa, ainue usukani ulingane na kiti au ukipite kidogo. Katika baisikeli za kizamani, bolti iliyo juu ya shingo ya usukani hulegezwa kwa spana, kisha hugongwa polepole kwa kipande cha mti. Lakini angalieni sana! Shingo hiyo ina alama ya mwisho wa kuinuliwa. Alama isionekane nje. Na kama imefutika, zibaki ndani sentimita 7. Ikizidi kutolewa, yaweza kukatika katikati ya mteremko. Tena breki za fito lazima zirekebishwe usukani ukiisha kuinuliwa, nazo zijaribiwe mahali tambarare kwanza.

Badilini kidogo kidogo, sentimita moja, kisha mwende siku chache mwone. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo, na mikono iachane kwa upana wa mabega.

Lakini mwenye kufunga mzigo mzito nyuma asiinue kupita kiasi. Gurudumu la mbele likikosa uzito, huinuka penye mlima, na usukani hauongozi tena. Huyo heri ashuke aisukume.

Maumivu yakishuka mkononi, vidole vikifa ganzi, au mkono ukikosa nguvu, wala haviponi baada ya kutengeneza, msingoje. Nendeni hospitali, kama ile ya Maweni, mkatazamwe na mganga.

Na kwa kuwa mtu hawezi kujiona mgongo wake, kazi hii ni ya watu wawili. Mume apande baisikeli kando ya ukuta, naye mke amtazame kwa ubavuni. Kisha wabadilishane zamu ikiwa mama naye huipanda. Atazamaye atajua upesi kama shingo imekunjwa na mabega yamepanda. Kazi hiyo ya jioni moja, pamoja na spana ya kuazima, yaweza kuokoa gharama ya vidonge vya mwaka mzima.