Kelele za Mashine Si Dalili ya Mali

Katika toleo lililopita, mwandishi mmoja aliwashauri wapenda sarafu waje Kaloleni, Kisumu, wapandishe mashine ya kutambua metali hadi mwisho, wachimbe kila inapolia; watakachopata ni chao. Amekosea mara mbili.

Kwanza, mashine. Udongo wenye madini ya chuma nao huiliza. Iinue na kuishusha juu ya ardhi isiyo na metali, ukiirekebisha mpaka inyamaze, kisha punguza wepesi wake wa kuhisi. Usipofanya hivyo, utashinda ukichimba udongo mtupu, na senti kumi ya mkoloni yenye tundu itabaki chini.

Pili, sheria. Senti hiyo ya miaka ya 1920 si kitu cha kale kisheria: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 huhesabu vilivyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895. Lakini rupia zilitangulia shilingi, hivyo unaweza kuchimbua ya kabla ya mwaka huo, na kusaka vitu vya kale bila leseni ni kosa. Mashine haisomi mwaka wa sarafu, hakimu anausoma.

Tena, kila kiwanja kina mwenyewe. Piga hodi kwanza.