Dawa ya tension haina mwenyewe

Kwetu Mudaka, home ya wazee ni nyumba ya mtoto wao. Baba aliyeweka sururu chini, mapafu yakiwa yamekula vumbi la mawe, analala chumba cha nyuma, na dawa yake inalipwa na kijana aliye Nyabibwe ao Kamituga. Kwa hiyo dawa ikikosekana, tusiangalie farmasia tu. Tufuate njia yote.

Dawa za TB, sida na malaria ziko na mwenyewe. Mfuko wa Dunia na wafadhili wengine wanazinunua, na mgonjwa wa TB anameza miezi 6 bila kulipa. Hata hizo zilitikiswa Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake. Lakini tension na sukari, ambazo mzee anatembea nazo mpaka mwisho, ziko karibu zote juu ya mfuko wa familia.

Na huo mfuko umetobolewa. Tarehe 14 Februari 2025 M23 walichukua uwanja wa ndege wa Kavumu, hapa jirani, na siku mbili baadaye walishika mji wa Bukavu. Benki zikafunga. Kijana anatuma franga kwa simu, anayezitoa anakata yake, ingine inabaki kwenye moto ya kwenda farmasia. Mzee anafanya hesabu yake kimya: kidonge kimoja kwa siku mbili. Watu wanasema anavumilia. Hapana! Tension inapanda bila kuuma, halafu asubuhi moja mkono na mdomo vinakataa kutii.

Tunaambiwa hiyo ni kazi ya Serikali. Ni kweli (siku hizi ipi, tusiulize). Lakini Code ya migodi ya 2018 inataka mchimbaji wa mikono awe ndani ya koperativi. Koperativi inayojua kukata kwenye kila mfuko wa mawe inaweza pia kununua dawa kwa pamoja, kwenye depo ya Bukavu, kupitia muuguzi mkuu wa sentre ya afya, si kwa mchuuzi wa sokoni. Amlodipine na metformin si dawa za ajabu, ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya OMS. Oda iondoke wakati mzee angali na vidonge vya mwezi mzima. Insulini ni shida ingine: inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8, na umeme wetu tunaujua. Hiyo ikae kwenye sentre yenye frigo ya sola.

Wazee wasio na mtoto machimboni nao waandikwe kwenye orodha ile ile, hata koperativi ikisema hawajakatwa kitu.