BURUNDI NI JIRANI, TUIJUE

Ziko nchi ambazo watu wetu huzitaja kila siku pasipo kuzijua. Burundi ni mojawapo. Hapa Msalato, na kule mjini katika soko la Majengo, neno "Mrundi" husikika mara nyingi, lakini aghalabu halimaanishi mtu wa taifa lenye historia yake. Humaanisha kibarua wa shamba, au mtu asiye na karatasi, au mgeni wa kutiliwa shaka. Sisi twaona kwamba mazoea haya ni mabaya, wala si kwa sababu ya utovu wa adabu peke yake. Asiyemjua jirani yake hawezi kujua lipi limemfikisha mlangoni pake, na kwa hiyo hutoa hukumu kabla ya kusikia shauri.

Na tuanze na ardhi. Burundi ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Dodoma. Mkoa huu una kilomita za mraba 41,000 na ushei. Burundi nzima, pamoja na sehemu yake ya Ziwa Tanganyika, haifiki 28,000. Lakini katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wetu ulihesabiwa watu 3,085,625, hali Burundi ina watu zaidi ya milioni 12. Mahali ambapo sisi tunakaa watu 75 katika kilomita moja ya mraba, Warundi hukaa zaidi ya 400. Mchungaji wa huku, aliyezoea kutembea na ng'ombe nusu siku bila kukuta ua wa mtu, angestaajabu kuona vilima vilivyolimwa kutoka bondeni hadi kileleni: migomba, maharage, mihogo, viazi vitamu na kahawa. Zamani hapakuwa na vijiji vya kukusanyika. Kila jamaa walikaa katika ua wao, uitwao rugo, juu ya kilima chao, na hicho kilima ndicho kilichokuwa kijiji.

Sababu ya kubanana huko ni mvua. Sisi twapata mvua haba ya msimu mmoja, tena ya wasiwasi. Milima ya Burundi hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Upande wa magharibi kuna bonde la joto liitwalo Imbo, kando ya mto Rusizi na ziwa. Kutoka hapo nchi hupanda ghafula hadi kwenye mgongo wa milima unaogawa maji: yale ya magharibi huenda Kongo, na yale ya mashariki huenda Misri. Karibu na Rutovu iko chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha kusini kabisa cha mto Nile. Maji yake hupita Ruvubu, kisha Kagera, hata Ziwa Victoria. Baada ya mgongo huo nchi hushuka polepole kuelekea mashariki, mpaka Kumoso, ambako mto Malagarasi hufanya mpaka kabla ya kuingia kwetu na kupita Uvinza.

Katikati ya vilima hivyo upo mji wa Gitega, na hapa msomaji wa Dodoma ataona jambo linalomhusu. Mwezi wa Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yatoke pwani na kuja katikati. Burundi nayo imefanya vivyo hivyo: kwa sheria iliyopitishwa na bunge lake mwezi wa Januari 2019, Gitega ni makao makuu ya siasa, na Bujumbura, uliojengwa na wakoloni kando ya ziwa, umebaki mji mkuu wa biashara. Walichagua Gitega kwa kuwa uko katikati, na kwa kuwa vilima vya karibu nao vilikuwa vya wafalme. Huko Gishora bado zimehifadhiwa ngoma za ufalme. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ni utawala vilevile. Aliyekuwa na ngoma ndiye aliyekuwa na nchi. Lakini serikali yao ilitoa amri mwaka 2017 kuwazuia wanawake wasizipige. Mama zetu wa Kigogo, ambao ndio wenye ngoma ya muheme, wangecheka sana kusikia hayo.

Ufalme huo ulikuwa wa zamani sana. Mfalme aliitwa Mwami, na majina ya enzi yalizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Chini yake walikuwako Baganwa, watoto wa ukoo wa kifalme, waliotawala majimbo na ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi. Na katika kila kilima walikuwako Bashingantahe, wazee waliochaguliwa kwa busara na uadilifu wao ili waamue mashauri. Kati yao walikuwamo Wahutu na Watutsi pia. Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu katikati ya karne ya kumi na tisa, aliulinda ufalme vizuri. Rumaliza wa Ujiji, ambaye jina lake liliogopwa kote ziwani, alishindwa kuingia katika milima yake, na kwa hiyo Warundi wengi waliokoka na minyororo ya watumwa. Wadachi ndio waliomweza, nao hawakumweza mpaka walipowasaidia wapinzani wake. Mwaka 1903 huko Kiganda alikubali kuwa chini yao, akatozwa ng'ombe 424.

Kwa hiyo babu zetu na babu za Warundi walikuwa raia wa koloni moja. Reli iliyofika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914, ilijengwa pia kwa tamaa ya kuzifikia nchi za Burundi na Rwanda zenye watu wengi. Vita ilipotokea, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliteka Burundi, Kigoma na Tabora katika mwaka 1916. Baada ya hapo wakubwa wa Ulaya waliketi wakagawana: Waingereza wakachukua Tanganyika, Wabelgiji wakachukua Ruanda-Urundi. Hata nchi ya Bugufi, iliyokuwa ya Mwami, ilikatwa ikatiwa Tanganyika, nayo leo ni sehemu ya wilaya ya Ngara. Hapana Mrundi wala Mtanganyika aliyeulizwa.

Wabelgiji walitawala kwa kodi, kwa kiboko na kwa kazi za lazima, na waliwalazimisha watu kupanda kahawa. Ndipo Warundi wengi walipokimbia kutafuta mshahara Uganda na Tanganyika. Wafanyakazi wetu wakumbuke jambo hili. Katika mashamba ya mkonge, yaliyojaza hazina ya Waingereza, Warundi walikuwa miongoni mwa manamba, wakikata mkonge pamoja na Waha, Wanyamwezi na Wamakonde. Jasho lao limo katika uchumi tuliourithi, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Tena Wabelgiji walifanya kosa lililo kubwa kuliko kiboko. Walijidanganya kwamba Mtutsi aliumbwa kutawala na Mhutu aliumbwa kulima, wakaipanga serikali kwa imani hiyo. Machifu wa Kihutu waliondolewa mmoja mmoja, hata ilipofika mwaka 1945 hakubaki hata mmoja.

Hapa twataka msomaji asimame kidogo. Tanzania ina makabila zaidi ya 120, na kila moja lina lugha yake. Burundi ina lugha moja tu. Mhutu, Mtutsi na Mtwa husema Kirundi kilekile, hukaa katika vilima vilevile, na tangu zamani walimwomba Mungu mmoja kwa jina moja, Imana. Muha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka husikilizana bila mkalimani. Basi wale wasemao kwamba nchi huvunjwa na wingi wa makabila waitazame Burundi, wajibu. Damu haikumwagika kwa sababu watu walitofautiana. Ilimwagika kwa sababu cheo, shule na bunduki viligawanywa kwa kuulizana kabila, na wale waliofaidika hawakutaka kuacha.

Yuko mtu aliyeliona hilo mapema. Louis Rwagasore alikuwa mtoto wa Mwami Mwambutsa, naye angeweza kukaa raha mustarehe. Badala yake alianzisha vyama vya ushirika, akaongoza chama cha UPRONA, akawaunganisha Wahutu na Watutsi katika kudai uhuru. Waswahili wa Buyenzi, mtaa wa Usumbura, walikuwa wafuasi wake shupavu, na Kiswahili kilisikika katika mikutano yake kama kilivyosikika katika yetu. Mwalimu Nyerere na TANU walikuwa upande wake. Tarehe 18 Septemba 1961 chama chake kilishinda viti 58 kati ya 64. Siku 25 baadaye, tarehe 13 Oktoba, alipigwa risasi katika hoteli moja kando ya ziwa na Mgiriki aliyetumwa na wapinzani wake. Tanganyika ilikuwa imebakiza chini ya miezi miwili kupata uhuru. Burundi iliupata tarehe 1 Julai 1962, lakini bila yule aliyeweza kuiweka pamoja.

Yaliyofuata hatuwezi kuwatwika wakoloni peke yao. Mwaka 1966 Micombero aliuvunja ufalme akaweka utawala wa jeshi. Mwaka 1972 yalitokea mashambulio upande wa kusini, na serikali ikajibu kwa kuwaua Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, hata wanafunzi waliotolewa madarasani. Waliouawa hawapungui laki moja, na wako wanaotaja hesabu kubwa kuliko hiyo. Mwaka 1993 Melchior Ndadaye alichaguliwa kwa kura za wananchi. Hakutimiza miezi minne madarakani, akauawa na askari tarehe 21 Oktoba. Watutsi wengi wasio na hatia wakauawa kwa kulipiza kisasi, jeshi likaua Wahutu, na vita ikaendelea miaka mingi. Rais aliyefuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege iliyodunguliwa Kigali, akitoka mkutanoni Dar es Salaam.

Kazi ya mwisho kubwa ya Mwalimu ilikuwa kuwaketisha Warundi meza moja huko Arusha. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 kabla haijakwisha, Nelson Mandela akaipokea, na mapatano yakatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Mapatano hayo hayakujifanya kwamba Uhutu na Ututsi haupo. Yaliutaja, yakaupimia mafungu katika serikali na bunge, na nusu kwa nusu katika jeshi. Wako wanaosema kwamba kuhesabu kabila ni kulikuza. Sisi twaona kwamba kwa nchi iliyokwisha kuzika watu wengi namna ile, hesabu iliyo wazi ilikuwa afadhali kuliko ile iliyofanywa kwa siri. Hata hivyo haikutosha. Mwaka 2015 Rais Nkurunziza alipogombea kwa mara ya tatu, ghasia zilizuka, na watu kwa maelfu wakavuka tena ziwa na misitu kuja Kigoma.

Basi sasa turudi kwa yule "Mrundi" wa sokoni. Huenda akawa mtoto wa waliokimbia mwaka 1972, waliopewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori wakalifanya mashamba. Hao wapatao 162,000 walipewa uraia wetu, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Mtu wa namna hiyo si Mrundi tena mbele ya sheria; ni Mtanzania, na anayemwita mgeni amesema uongo. Huenda pia akawa mmoja wa wale wa mwaka 2015. Tangu mwezi wa Septemba 2017 zaidi ya laki moja kati yao wamerejea kwao. Kurejea ni jambo jema, wala hakuna mkimbizi aipendaye kambi kuliko kilima cha baba yake. Lakini neno lililoandikwa katika mapatano ni hiari, na hiari haipatikani kwa kumfungia mtu soko au kumvunjia kibanda. Anayesema yuko tayari apewe gari na posho. Anayesema anaogopa asikilizwe, kwa kuwa historia tuliyoieleza hapa yaonyesha kwamba hofu yake haikutoka hewani. Nchi iliyompokea baba yake mwaka 1972 haiwezi kujifanya imesahau sababu.

Na uhusiano wenyewe haupungui, bali waongezeka. Kiwanda cha mbolea cha Itracom, kilichojengwa Nala, nje kidogo ya mji wetu, ni cha mwekezaji kutoka Burundi. Vijana wa Dodoma wanapata mshahara kwa mtaji wa Mrundi, na hatujasikia mtu akiurudisha. Sehemu kubwa ya bidhaa za Burundi hupita bandari ya Dar es Salaam, na malori yake hulala katika mkoa huu kila usiku. Reli mpya ya umeme ilianza kuleta abiria Dodoma mwezi wa Julai 2024. Mwezi wa Januari 2025 serikali zetu mbili zilitia saini mkataba wa kujenga tawi lake kutoka Uvinza hadi Musongati, mahali penye nikeli. Hapa Msalato kwenyewe umewekwa uwanja wa ndege wa kimataifa, wenye njia ya kurukia ya mita 3,600.

Nikeli hiyo itakapoanza kushuka kutoka Musongati kwenda baharini, itapita Dodoma, nayo itapitishwa na mikono ya wafanyakazi wa nchi mbili ambao hawajawahi kuketi pamoja. Mabwana wa migodi na wa mabehewa wamekwisha kuketi, tena zaidi ya mara moja. Vyama vya wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa malori vya pande zote mbili visingoje taruma la mwisho lilazwe. Viitane sasa, Gitega au Dodoma, vizungumze juu ya saa za kazi, bima ya ajali na mshahara wa dereva anayevuka mpaka.