Mkopo wa Barabara ya Mbagala na Abiria Aliyebaki Kituoni

Waamini wengi wa Temeke hupita kila siku kando ya njia ya zege ya mabasi yaendayo haraka, katika Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, bila kujua kwamba sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Benki hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye makao makuu Abidjan, ni mali ya nchi wanachama, Tanzania ikiwamo. Wala si mfadhili wa mbali anayetoa sadaka. Wataalamu wake hupitia andiko la mradi, hufuatilia zabuni, tena hudai wanaohamishwa walipwe fidia kwanza.

Hayo ni mema. Lakini mkopo ulijenga barabara na vituo. Mabasi yaliachiwa Serikali na wawekezaji. Zege likakauka, vituo vikakaa vitupu kwa muda mrefu, na mama wa Mbagala akaendelea kugombea daladala alfajiri huku mkataba wa mkopo ukihesabu miaka.

Papa Paulo VI, katika waraka Populorum Progressio wa mwaka 1967, alitaka wakopeshaji na wakopaji wajadiliane ili madeni yasiwalemee maskini. Kwa maoni yetu, majadiliano hayo hayapaswi kuishia Wizara ya Fedha. Kabla ya saini, andiko lieleze nani ataleta mabasi, lini, na kwa nauli gani. Barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, wilayani Kinondoni, nayo inajengewa njia kama hiyo, ingawa kwa fedha za mkopeshaji mwingine. Wananchi wa huko waulize mapema.