Mpilipili Manga Upandwe Nyumbani, Usipandishwe Mkarafuuni



Katika mikutano yetu mazungumzo hayendi mbali ila hurudi kwenye karafuu: bei, wachumaji, na mvua iliyotukuta tumekwisha kuanika. Ndivyo ipasavyo, kwani chama hiki ni cha karafuu. Walakini leo naomba nafasi niseme juu ya mmea mwingine ambao kila mmoja wetu aujua, wachache wanao, na katika hao wachache wengi wameupanda mahali pasipoufaa. Nao ni mpilipili manga.

Sababu ya kulileta neno hili ni kwamba mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hutujazia majamvi, kisha hufuata miaka miwili au mitatu ya kuokoteza. Mche mpya nao wataka miaka sita hadi minane kabla haujaonyesha kitu. Je, katikati hapo watu hula nini? Jibu twalijua sote, ingawa hatupendi kulisema hadharani: hukopa kwa kutegemea mavuno yajayo. Karafuu ikifika juani kukaushwa, imekwisha kuwa mali ya mtu mwingine. Mambo haya ya kuweka mikarafuu rahani wazee wetu waliyajua, nasi tumeyarithi pamoja na mashamba.

Na si kwamba hatukupata maonyo. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na ndiyo iliyoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu hata leo. Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake, ilijitosheleza kwa karafuu zake yenyewe, na bei ikaporomoka. Mara ya kwanza ulikuwa upepo, mara ya pili soko, na mara zote mbili mkulima alikuwa na mti mmoja tu wa kuutazamia.

Atakuja msemaji aniulize: ardhi iko wapi? Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 leo zatazamiwa na watoto na wajukuu wa aliyepewa, na kijana wa leo akipata kiwanja cha nyumba hushukuru. Hapo ndipo mpilipili manga unapotufaa. Mmea huu hautambai chini kama mtango, bali hupanda juu. Kila kifundo cha shina lake hutoa mizizi midogo inayong'ang'ania gome la mti au nguzo. Mahali penye upana wa sinia hutosha mche mmoja, na mali yote hukaa hewani. Ukitunzwa huanza kuzaa mwaka wa tatu, na ukikomaa huweza kutoa kilo moja au mbili za pilipili kavu kwa mwaka. Kwa mche mmoja hilo si jambo la kutajirisha mtu. Lakini mwenye miche ishirini kuzunguka nyumba yake ana kitu cha kupeleka sokoni mwaka ambao mkarafuu umegoma.

Sasa nifike palipo na ugomvi. Wako wanachama, na baadhi yao ni rafiki zangu, waliopandisha pilipili manga juu ya mikarafuu yenyewe, wakisema mti mmoja umewapa mazao mawili. Mimi naona mazao hayo mawili yanadhulumiana. Mkarafuu ni mti wa kukwewa. Matawi yake ni mepesi kuvunjika, na mchumaji hutia mguu pale anapoona gome. Likifunikwa na majani ya mpilipili, hajui akanyaga tawi zima au lililooza, nasi twajua ni wangapi huanguka kila msimu. Tena mchumaji hana budi kuuvuta na kuukata mpilipili apate njia, hivyo kila mwaka wa mavuno makubwa pilipili huuawa, na mkulima huanza upya. Mnazi nao ni vivyo hivyo, maana mkwezi haulizi ruhusa.

Miti ya kuupandishia ni ile isiyokwewa mara kwa mara, iliyo karibu na mlango. Mfenesi ni mzuri kuliko yote kwa gome lake la kukwaruza, na mwembe pia wafaa. Pandikiza masika yanapoanza, umbali wa futi moja kutoka shinani, upande usiopigwa na jua kali la alasiri. Funga chipukizi kwa ugomba mpaka lishike lenyewe, na ulikinge kwa kuti miezi ya mwanzo. Maji yasituame kamwe. Ugonjwa wa kuoza mizizi huja na maji yaliyosimama, na mche uliokuwa kijani Ijumaa waweza kuukuta umenyauka Ijumaa ya pili. Ukifika futi kumi au kumi na mbili ukate ncha, utoe matawi ya kuzaa, na vishada vichumwe kwa ngazi fupi.

Asiye na mti asimike nguzo, bali aiache mbali kidogo na ukuta ili nyumba isipate unyevu. Kuna na njia nyingine iliyonipendeza sana. Huko Kozhikode, katika jimbo la Kerala, India, penye taasisi ya utafiti wa viungo, husimamisha wavu wa waya au plastiki kwa umbo la pipa jembamba lenye urefu wa mita 2. Hulijaza vumbi la makumbi ya nazi lililoanza kuoza pamoja na mbolea ya minyoo, kisha hupanda mipilipili kuzunguka chini yake. Kila kifundo hutia mizizi ndani ya wavu, na baada ya miezi minne hivi mmea umefika juu. Wao hufanya hivyo ili wapate vipando vingi kwa upesi, si kwa ajili ya pilipili zenyewe. Sisi makumbi twayachoma moto.

Na ndugu zetu wanaokaa juu katika nyumba za maendeleo, Michenzani au Madungu, wasijione wametupwa. Kipande kikikatwa katika tawi la pembeni, lile lizaalo, badala ya shina lipandalo, hukua kama kichaka kifupi, na huzaa ndani ya debe roshanini hata kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kuchuma ni pale punje moja au mbili za kishada zinapoanza kuwa nyekundu. Zamisha katika maji yanayochemka kwa dakika moja, zipate weusi wa sawasawa, kisha anika siku tatu hadi tano. Zianikwe juu ya jamvi lake peke yake, kwa kuwa karafuu hugawa harufu yake kwa kila jirani. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu.

Nimesikia ikisemwa barazani kwamba hii ni kazi ya wanawake. Na iwe yao, na fedha yake iwe yao vilevile, bila mume kuiombea hesabu. Mgeni huja kutoka Ulaya akalipa atembezwe Kizimbani kuonyeshwa pilipili manga mtini, na sisi siku ya harusi twatuma mtoto dukani akanunue ya pilau kwa kijiko.

Basi naitaka Kamati ilete jambo hili katika mkutano ujao. Ombi langu ni dogo: mapipa mawili ya wavu yasimamishwe uani kwa ofisi ya chama, makumbi tuchange wenyewe, na vipando vya mwanzo vikatwe kwa wanachama ambao mipilipili yao imekwisha kuonyesha kuzaa sana, si kwa yeyote mwenye mmea. Kazi ikianza sasa, kila mwanachama aweza kupewa vipando vyake masika yatakapoingia, na mwenye mipilipili mikarafuuni aanze kuishusha kabla wachumaji hawajaja.