Sindano ya shingo: nyie mko upande gani?

Najua nimepotea, mitihani hiyo, msinilaumu. Leo naleta jambo lililotugombanisha bwenini juzi usiku mpaka chai ikapoa: ukimwekea mgonjwa wa upasuaji mpira wa vena kubwa kwa ultrasaundi, ile mashine uishike vipi?

Nyie wa biashara na ualimu msikimbie, naeleza haraka. Mgonjwa wa operesheni kubwa, au aliyemwaga damu nyingi, dripu ya mkononi mara nyingine haimtoshi, na dawa kali za kupandisha presha zinaunguza vena ndogo. Basi daktari wa usingizi anapitisha mpira mwembamba (katheta) kwenye vena kubwa ya shingoni, au ile ya chini ya mtulinga, au ya pajani. Sindano kwanza, ndani yake waya, sindano inatoka, kitundu kinapanuliwa, mpira unafuata juu ya waya. Mbinu hiyo ya waya aliitoa Seldinger wa Sweden mwaka 1953. Ubaya wake ni majirani. Ubavuni mwa vena ya shingo kuna ateri inayopeleka damu kwenye ubongo, na chini kidogo tu kuna pafu.

Mie hili si la vitabuni. Ami yangu wa kwetu Makangale alipasuliwa utumbo, hospitali siitaji, wakamchoma shingoni mara nne kwa kukisia. Mara ya tatu waliipata ateri, shingo ikavimba kama kameza embe. Alhamdulillahi alipona na baharini anakwenda. Lakini mashine ya ultrasaundi ilikuwemo jengo lile lile, wodi ya wazazi, imefungiwa na mwenye funguo kaenda kwao. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "mabingwa hawahitaji picha" damu inanichemka.

Na si hasira tu. Uingereza taasisi yao ya NICE ilishauri picha itumike kwa vena ya shingo tangu 2002. Mapitio ya Cochrane ya 2015 yalikuta kwa vena hiyo picha inapunguza kuichoma ateri kwa bahati mbaya kwa asilimia 72. Tena kuna utafiti wa Marekani wa 2005, wagonjwa 201, ambao naupenda kwa sababu ulipima makundi matatu: waliochoma huku wanatazama picha walifanikiwa asilimia 98, waliotazama kwanza wakatia alama ya kalamu halafu wakachoma 82, waliokisia kwa vidole 64. Kwa hiyo wale wa alama ya kalamu (mnajijua!) mnaambulia nusu ya faida. Mgonjwa akigeuza shingo kidogo tu, alama inabaki kwenye ngozi na vena imeshahama.

Sasa ugomvi wenyewe. Ukikiweka kichwa cha mashine kukatisha vena, kama unavyokata muhogo vipande, unaiona vena duara na ateri duara pembeni yake. Unabonyeza: vena inalala, ateri inadunda tu. Raha! Lakini sindano unaiona kama nukta moja inayong'aa, na hujui kama nukta ile ni ncha au ni kiuno cha sindano. Ukikiweka kufuata urefu, kama unavyopasua muhogo, sindano unaiona yote mpaka ncha, ila ateri imetoka kwenye picha, na mkono ukiteleza kidogo unaweza ukawa unaitazama ateri huku unaiita vena.

Rafiki yangu wa chumba ni wa urefu, hataki kusikia. Mie nasema sie wanafunzi tuanze na kukatisha, kwa sababu kosa kubwa kuliko yote ni kutojua ateri iko wapi. Ila nakiri ana hoja. Mwaka 2009 walijaribiwa madaktari wanafunzi 25 kwenye sanamu, kwa kukatisha, na 16 walitoboa ukuta wa nyuma wa vena bila kujua. Kha! Dawa yake ni kuifuata ncha kidogo kidogo, unasogeza mashine, ndipo unasogeza sindano.

Na hapa ndipo sitaki mjadala: waya ukishaingia, geuza mashine kwa urefu, uone waya umelala ndani ya vena, ndipo upanue. Tundu la sindano kwenye ateri mara nyingi utaligandamiza likatulia. Tundu la kipanuzi linataka fundi wa mishipa. Mtu wa Makangale yuko ncha ya kaskazini kabisa. Hata kufika Abdulla Mzee kule Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, anakikata kisiwa kizima, na kwa fundi wa mishipa kuna bahari ya kuvuka. Sekunde kumi za kugeuza mashine ni rahisi kuliko boti.

Kuhusu mtulinga, huyo rafiki yangu kanishinda kidogo. Utafiti wa Ufaransa wa 2015, zaidi ya wagonjwa 3,000, ulionyesha vena ya pale ina maambukizi na damu kuganda kidogo kuliko shingo na paja, lakini pafu kutobolewa ndiko kulikozidi. Kwa atakayelala ICU wiki nzima nakubali, achome aliyezoea. Kwa mkono wangu mimi, sasa hivi? Hapana.

Mtasema umeme je. Waya wa baharini kutoka Tanga tumeupata 2010, lakini kukatika kupo pale pale, hivyo vidole tufundishwe pia. Sikatai. Ninachokataa ni funguo.

Jumamosi baada ya adhuhuri tumeruhusiwa mashine ya mazoezi saa mbili nzima. Nanunua vidari vya kuku, tunapitisha mipira miwili ndani, mmoja maji mekundu mmoja ya buluu. Anayetaka aje, jeli aje nayo mwenyewe. Na kuku hapikwi baadaye, msiniulize.