Tusiukimbie utafiti wadini

Mzazi anayefika hospitalini usiku na mtoto anayechomeka kwa homa, kisha aambiwe kuna utafiti unaoendelea wadini, huingiwa na wazo moja: mwanangu anataka kufanyiwa majaribio. Siwalaumu wanaokataa. Lakini ni wachache wanaouliza swali la pili: je, yale matibabu ya kila siku, yasiyo na fomu ya kutia sahihi, yalipimwa na nani?

Chukua dripu. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, ambaye damu yake haizunguki vyema na mikono na miguu imekuwa baridi, awekewe maji mengi mshipani kwa haraka. Nani angepinga? Tangu 2009, watafiti walioongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi walilipima jambo hilo katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 walihusika. Wote walipewa matibabu ya kawaida na maji ya polepole. Kwa kura, baadhi waliongezewa yale ya haraka. Katika saa 48 za kwanza, kwa kila watoto 1,000 waliowekewa maji ya haraka, takriban 105 walifariki. Kwa wasiowekewa, walikuwa 73. Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla haujakamilika.

(Isieleweke vibaya: watoto waliokaukiwa maji kwa kuhara hawakuhusishwa, na kwao dripu bado huokoa maisha.)

Kwa hivyo tiba iliyoaminiwa ndiyo iliyokuwa ikidhuru, na bila wazazi hao kukubali tusingejua. Ni kweli kwamba mtoto alipokuwa mahututi, wazazi waliombwa idhini ya mdomo kwanza, maelezo kamili yakafuata baadaye. Wapo wanaolalamikia hilo. Mimi naona kumsomea mama kurasa za maelezo huku mwanawe akikata roho ni ukatili zaidi.

Linaloniudhi ni lingine. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilirekebisha mwongozo wake 2016, likielekeza maji hayo yapunguzwe na yawekwe polepole zaidi. Miaka mitano! Na mzazi anayetia sahihi leo ni nadra kurudiwa na mtu kuambiwa kilichogunduliwa. Hospitali inayoomba idhini yake iandike pia nambari yake ya simu, na matokeo yakitoka impigie.